Siku nane na ndoo ya kambale: Kibamba, Feri, Bagamoyo, Ruvu

Ijumaa. Kibamba hadi Feri

Tumetoka Kibamba alfajiri mimi na mpwa wangu, tukachukua mwendokasi Kimara mpaka Kivukoni. Saa 12 na nusu asubuhi tuko Feri, mnada umeshachangamka na maji ya samaki yanapita hadi ndani ya viatu.

"Mjomba, tunanunua au tunaangalia?"

Tunaangalia. Mwezi uliopita nilipoteza kizazi kizima cha vifaranga wa kambale. Sindano ya kumtagisha jike nilichoma mwenyewe, mayai yakatoka, kesho yake yakageuka meupe yote na ukungu ukayavamia. Jirani mmoja alilaumu maji, mwingine akasema nilipima vibaya. Mimi nina shaka nyingine ambayo sikuwaambia: chakula cha samaki kilipopanda bei nikawalisha pumba tupu, tangu Desemba mpaka Februari. Tumboni mwa yule jike mayai yalikuwepo, hilo nina hakika nalo. Swali linaloninyima usingizi ni kama yalikuwa na kitu ndani. Nikaona kabla ya kuchoma sindano nyingine niende nikaangalie samaki walioshiba.

Tukasimama kwa kijana mmoja anayepaa na kupasua samaki karibu na meza za wakaanga. Alikuwa na jodari wa mapezi ya njano, mrefu kama mtoto wa darasa la tatu. Alipompasua nikamwomba asitupe matumbo kwanza. Akaniangalia kama anayemwangalia mtu wa mazingaombwe, lakini akasogeza beseni.

Ovari zilikuwa mbili, mifuko mirefu ya mayai yenye rangi ya chungwa iliyopauka, mishipa ya damu imetanda juu yake kama mizizi. Pembeni ini, na tumbo la chakula lililojaa ngisi na dagaa, baadhi bado wana macho. Nikamwonyesha mpwa wangu hilo tumbo. Jodari huyu alikuwa anabeba mayai na bado anakula. Jodari wa aina hii msimu wake ukifika hutaga mara nyingi, karibu kila siku au kila baada ya siku moja, na gharama yake anailipa kwa alichokamata leo. Ni kibarua: akipata anatumia, kesho anatoka tena.

Halafu nikamwonyesha ini, maana watu wengi wanadhani yai la samaki hutengenezwa lote kwenye ovari. Sehemu kubwa ya kiini hupikwa kwenye ini. Ubongo hutuma homoni kwenye tezi ya pituitari, kijitezi kinachoning'inia chini yake. Pituitari humwaga homoni yake kwenye damu ifike kwenye ovari. Ovari nazo hutoa estradioli, homoni ya kike, nayo ikifika kwenye ini, ini huanza kutengeneza vitelojenini, protini yenye mafuta ambayo ndiyo malighafi ya kiini. Damu huibeba mpaka kwenye mayai na mayai huinyonya. Jike anayejaza mayai, jiko lake ni ini. Na jiko halipiki kitu kisichokuwepo stoo.

"Sasa hilo ini mnalitaka au hamlitaki?" kijana akauliza.

Tukanunua. Mama mmoja akatukaangia hapo hapo kwa ndimu na pilipili.

Jumamosi. Bagamoyo

Mpwa karudi shule. Mimi nimepitia Goba na Tegeta, nikapanda basi la Bagamoyo. Dada yangu kaolewa huku na shemeji ana mabwawa mawili ya mwatiko nyuma ya mikoko.

Nilitarajia kukaa naye mchana kutwa, lakini mwatiko hana maneno mengi. Anakua vizuri bwawani, anakula mwani na uchafu wa chini, na hazai humo. Wazazi hutaga baharini, vifaranga ndio wanaokuja ufukweni na kuingia kwenye mikono ya mikoko, vyembamba kama uzi, vioo vitupu vyenye macho mawili. Shemeji huwavua kwa wavu wa macho madogo wakati wa bamvua.

"Shemeji, hawa wangu wanafika sokoni kabla hawajabalehe," aliniambia, akacheka. Kweli. Mwatiko huchukua miaka mingi, mitano au zaidi, kufikia uzazi, na mfugaji gani ana miaka mitano ya kulisha samaki asiyemuuza? Ufilipino, ambako mwatiko ni kama sato kwetu, watafiti walifanikiwa kuwatagisha kwa sindano katika miaka ya 1970, wakitumia dondoo ya pituitari ya salmoni. Hapa shemeji bado anaingoja bahari.

Usiku nimelala barazani. Mbu.

Jumapili. Bagamoyo hadi Mlandizi

Kutoka Bagamoyo nimekata kwa barabara ya Makofia mpaka Mlandizi, mvua ikininyeshea nusu ya njia. Mto Ruvu umepanda. Maji ya bomba ninayoogea Kibamba hutoka kwenye mto huu huu, Ruvu Juu, lakini bombani hayana rangi hii ya chai ya maziwa.

Nimempata babu mmoja mvuvi niliyeelekezwa kwake. Shikamoo, marahaba, kigoda, muhogo wa kuchemsha. Nikamwambia natafuta jike la kambale lenye mayai, nimchukue hai. Hakuharakisha.

"Mvua ya kwanza hapandi," alisema. "Anangoja. Maji yakifika kwenye majani pale," akanyoosha kidole kwenye bonde lenye nyasi ambalo lilikuwa bado kavu upande mmoja, "usiku huo huo utawasikia wanavyochapa. Asubuhi hawapo, mayai yameganda kwenye majani."

Hiyo ndiyo safari ya kambale, fupi kuliko ya samaki wengine wanaosafiri kwenda kutaga, ya kutoka mtoni kwenda nyasini. Ila siri yake ni hii. Jike huja na mayai yaliyojaa kiini tayari, ameyakusanya kwa wiki na wiki, halafu hukaa nayo. Kinachokosekana ni wimbi moja la homoni kutoka pituitari, lile linaloyaivisha mara ya mwisho na kuyaachia. Wimbi hilo limefungiwa breki. Breki yenyewe ni dopamini, kemikali ya ubongo, inayoikataza pituitari isimwage. Maji yakipanda juu ya nyasi, breki inalegea. Bwawani kwangu maji hayapandi juu ya nyasi yoyote. Kwa hiyo kambale wangu ananenepa, anajaza mayai, na hatagi hata siku moja.

Nikamuuliza kuhusu mkunga, yule wa mtoni, siyo wa kwenye matumbawe. Anamjua. Huwapata mara chache, kwenye ndoano za usiku, wengine unene wa mkono wake. Nikamuuliza kama amewahi kumkuta mwenye mayai.

"Sijapata kumwona. Toka nimezaliwa."

Wala hakuna mvuvi wa mtoni aliyemwona. Mkunga wa mtoni huja kutoka baharini akiwa uzi wa kioo, hukaa mtoni miaka kumi na zaidi akila na kuhifadhi mafuta kwenye nyama yake, halafu siku moja mwili unabadilika. Macho yanakuwa makubwa, tumbo linang'aa kama fedha, utumbo unasinyaa. Anaacha kula. Anashuka mto, anaingia Bahari ya Hindi, na kwa ushahidi wa vifaranga waliookotwa baharini, mikunga wa upande wetu wa Afrika hudhaniwa kutaga mahali fulani mashariki ya Madagaska. Njia nzima anakula mwili wake. Anaondoka mtoni hata ovari hazijakomaa. Dopamini inaendelea kukanyaga breki mpaka yuko mbali. Hebu fikiria akomae angali mtoni: mafuta ya safari yote yangekwenda kwenye mayai, na nani angeogelea?

Nikamsimulia babu kisa cha Maurice Fontaine, Mfaransa, ambaye mwaka 1936 alifanikiwa kukomaza mikunga madume kwa kuwachoma mkojo wa wajawazito. Bibi aliyekuwa jikoni akatoa kichwa nje.

"Mkojo?"

Mkojo, bibi. Homoni ya ujauzito iliyomo humo, ile ile inayochora mstari kwenye kipimo cha mimba cha duka la dawa, inafanana vya kutosha na ya pituitari kiasi cha kumlaghai mkunga dume. Majike walikuwa wagumu zaidi, hao walihitaji dondoo za pituitari za samaki wengine, sindano baada ya sindano. Wajapani walipata viluwiluwi vya kwanza miaka ya 1970, na ilipofika 2010 ndipo wakakamilisha mzunguko mzima, kutoka yai hadi yai, mikononi mwa binadamu.

"Kwa hiyo mkunga naye ametafutiwa mkunga," bibi akasema, akarudi jikoni. Tulicheka mpaka babu akapaliwa.

Jike nimelipata saa 10 jioni, kutoka kwenye mgono wa babu. Tumbo laini, la duara, kijitundu cha uzazi kimevimba na kuwa chekundu. Nikamtia kwenye ndoo ya lita 20 yenye maji kidogo na gunia bichi juu. Kambale ana kiungo cha kuvuta hewa ya juu, hafi kirahisi. Kwenye basi la kurudi, mahali karibu na Kibaha, ndoo ikaanza kusogea yenyewe sakafuni. Abiria mmoja akapandisha miguu kwenye kiti na konda akaniambia kwa utulivu mkubwa: "Mzee, mzigo wako unataka kushuka."

Jumatatu. Kibamba

Siku ya kungoja na ya damu.

Jike wa Ruvu: kilo 1.4. Jike wangu wa bwawani, urefu ule ule kwa vidole: kilo 1.1. Nimewaweka kwenye matangi mawili tofauti, wakikutana wanang'atana.

Mchana nimechinja kambale wawili wa kitoweo ili nipate pituitari zao. Unakata kichwa, unaondoa taya la chini, unakigeuza kaakaa likatazama juu, halafu unafungua mfupa wa sakafu ya fuvu kwa koleo, polepole. Humo, kwenye kijishimo, kuna kitu kidogo kuliko punje ya mtama, cheupe chenye uwekundu kwa mbali. Ndicho chenyewe. Ya kwanza niliiponda kwa koleo langu mwenyewe, kwa haraka ya kijinga, na samaki wa tatu akalipa deni. Nimezisaga mbili zilizosalia kila moja peke yake kwenye kijikinu cha kauri, nikaongeza maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita, yaliyochemshwa na kupoa.

Ufundi huu haukuanzia kwetu. Rodolpho von Ihering, Mbrazili, aliutumia miaka ya 1930 kwa samaki wa kuhamahama wa kaskazini mashariki ya nchi yake, wanaopanda mito kutaga na ambao mabwawani walikataa kuzaa. Miaka hiyo hiyo Nikolai Gerbilsky, huko Muungano wa Kisovyeti, aliwafanyia hivyo sturjeni, wale wenye mayai ya bei mbaya. Pituitari ya samaki mmoja inampa mwenzake wimbi lile bila kuomba ruhusa kwenye ubongo; breki inabaki pale pale imekanyagwa, lakini gari linasukumwa kwa nyuma. Dawa za kisasa za dukani hufanya yote mawili, zina homoni ya kuiamsha pituitari na kitu cha kulegeza dopamini. Mimi bado napenda kichwa na koleo. Ni bei rahisi, na supu inabaki.

Nilipokuwa nangoja giza nimemfikiria salmoni. Wa mto Fraser huko Kanada, wale wanaopanda zaidi ya kilomita elfu moja bila kula, hufika wakiwa wametumia zaidi ya sehemu tisa katika kumi za mafuta ya mwili. Yakiisha mafuta hula misuli. Kotisoli, homoni ambayo hata sisi hutupanda tukiwa na msukosuko, hujaa kwenye damu yao na kuvunja mwili vipande vipande ili mayai na mbegu zipate, na baada ya kutaga wanakufa wote. Kuna majaribio ya Marekani ambapo salmoni wadogo wa ziwani waliondolewa viungo vya uzazi kabla hawajakomaa: wakaishi miaka kadhaa zaidi ya wenzao, wakiendelea kukua. Hili huwa linanitisha kidogo, sijui kwa nini.

Saa 3 usiku, maji nyuzi 27. Mpwa kashika taa na kitambaa kibichi cha kumfunika samaki macho. Sindano kwa mshazari, chini ya pezi la mgongoni, taratibu, halafu kidole gumba juu ya tundu ili dawa isirudi. Wa Ruvu kwanza, kisha wangu. Kipimo sawa.

Maana yake ni kwamba tumewaambia wote wawili: mvua imenyesha, maji yako kwenye nyasi.

Jumanne. Kibamba

Kwa nyuzi 27 ni saa tisa hadi kumi. Saa 12 na nusu asubuhi nimemshika wa Ruvu, nikamkausha tumbo kwa taulo, maana tone la maji likiingia kwenye beseni kabla ya wakati mayai hufunga kitundu cha kuingilia mbegu. Nikakandamiza kwa kidole gumba kuelekea nyuma. Yakatoka yenyewe, mkondo mmoja, kijani kilichochanganyika na kahawia, kila yai limejitenga na mwenzake kama uwele unaomwagika kutoka gunia. Mzani: gramu 210. Gramu moja ina mayai kama 600 au 700, piga hesabu mwenyewe.

Wangu nilikandamiza mpaka nikaona aibu. Gramu 55, yameshikana mabonge, na uzi wa damu. Mpwa hakusema kitu. Ameanza kukua.

Dume kambale hakamuliwi, hapo hakuna namna, lazima achinjwe. Korodani nyeupe, kingo zenye meno meno, nikazikata kwa mkasi na kuzimimina kwenye mabeseni yote mawili, dume mmoja, ili nisije nikamsingizia yeye. Nikakoroga kwa unyoya wa kuku, ndipo nikaongeza maji. Mbegu zikiguswa na maji huamka na kuogelea kwa dakika moja hivi, basi. Nikayatandaza mayai juu ya vipande vya chandarua kwenye matangi, Ruvu kushoto, wangu kulia, maji yakitiririka polepole.

Mchana nimelala fofofo.

Jumatano

Saa 2 asubuhi, kushoto: chandarua kinatetemeka. Ukiinamisha jicho unaona mikia, maelfu, inatikisika ikitaka kujing'oa. Kwa kukadiria, katika mayai kumi saba au nane yametotoa. Kulia: meupe. Wametoka wachache, hata wawili katika kumi hawafiki, na baadhi wamejikunja mgongo.

Samaki wawili siyo utafiti, najua. Wa Ruvu huenda ana damu bora, huenda ni kijana, huenda bwawa langu lina ubaya mwingine nisioujua. Lakini dawa ni ile ile, dume ni yule yule, maji yanatoka bomba moja, na hesabu ya pumba naijua mimi. Sindano inafanya kazi ya usiku mmoja. Kiini kiliwekwa wiki na wiki kabla, ini likipika kutokana na alichokula samaki, na wangu hakuwa na cha kupika. Ubongo wa samaki akiwa porini hupokea pia habari za akiba mwilini, na samaki aliyekonda mara nyingi huahirisha, haendi nyasini mwaka huo. Mimi nilimnyima hata nafasi ya kuahirisha.

Nimemrudisha bwawani, peke yake, nikamnunulia chakula chenye dagaa. Mke wangu kauliza bei, nikamtajia nusu.

Ijumaa. Kibamba

Babu amepiga simu saa 11 alfajiri, sauti imejaa mvua. Maji yamefika kwenye nyasi usiku. Wamepanda. "Ungekuwepo mwanangu, ungesikia!" Nikamwambia wangu wametoka Jumatano. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama na huku kwetu kumenyesha.

Vifaranga wamejazana kwenye kona yenye giza, mmoja juu ya mwingine. Mpwa kapita kabla ya shule na kopo la chakula mkononi, tayari kumwaga. Nimemzuia. Nimempa kioo cha kukuzia, nikamwonyesha mmoja: kichwa, mkia, na chini ya tumbo kifuko cha kiini, kimebaki kidogo kuliko jana.

"Anakula nini sasa?"

"Alichoachiwa na mama yake."

Akaangalia tena, muda mrefu, basi la shule likapiga honi mara mbili.

"Kikiisha?"

"Kesho. Kesho utamwaga hicho kikopo."